Ede: Mji wa Uholanzi uliozungukwa na nyika, kondoo na makovu ya vita

MTU anaposhuka kwenye garimoshi katika stesheni ya Ede-Wageningen, mwendo wa takriban saa moja kutoka jijini Amsterdam, haoni mara moja kitu cha kumshangaza. Kuna maegesho ya baiskeli yaliyojaa pomoni, kuna maofisi, na kuna nyumba za matofali zilizopangwa kwa nidhamu ile ile inayoonekana kila mahali nchini Uholanzi. Lakini akishika njia ya mashariki kwa baiskeli, haukupita muda nyumba hukoma ghafla, msitu wa misonobari humpokea, na baada ya msitu huo hufunguka uwanda mpana usio na ua wala shamba. Katika wiki za mwisho za Agosti uwanda huo hugeuka rangi ya zambarau hadi upeo wa macho.

Hiyo ndiyo nyika ya Ede na jirani yake, nyika ya Ginkel. Kwa Wakenya wengi, Uholanzi ni nchi ya maua ya kukatwa, ng'ombe wa maziwa na mashamba yaliyo chini ya usawa wa bahari. Ede iko katika Uholanzi nyingine: nchi ya mchanga, vilima na misitu iitwayo Veluwe, katika mkoa wa Gelderland. Manispaa hii ina wakazi zaidi ya 120,000, na kwa ukubwa wa ardhi ni miongoni mwa manispaa pana zaidi za nchi kavu nchini humo. Vijiji vya Otterlo, Lunteren na Wekerom, ambavyo tutavitaja hapa, vyote vimo ndani ya mipaka yake.

Vilima vyenyewe ni kazi ya barafu. Yapata miaka 150,000 iliyopita, mabamba makubwa ya barafu yaliteremka kutoka kaskazini mwa Ulaya na kuisukuma mbele yake michanga na changarawe za mito, mfano wa trekta inayosukuma kifusi. Barafu ilipoyeyuka, kifusi kilibaki. Hata hivyo, mgeni aliyezoea Ngong au Taita asitarajie milima: kilele cha juu kabisa cha Veluwe ni mita 110 hivi tu juu ya usawa wa bahari. Waholanzi wenyewe hupanda huko kwa fahari.

Nyika iliyotengenezwa na binadamu

Mmea unaoipa nyika hiyo rangi yake ni kichaka kifupi, kigumu, chenye vijani vidogo mno, ambacho Waholanzi hukiita heide. Aliyewahi kupanda Mlima Kenya au safu za Aberdare amekwisha kukutana na ndugu zake, kwani ule ukanda wa vichaka virefu vyenye ndevu za kuvu-mwani unaotangulia nyasi za mlimani ni wa ukoo huo huo. Tofauti ni kwamba vile vya kwetu hufikia urefu wa mti, ilhali vya Ede havimfiki mtu gotini.

Wageni wengi huiona nyika hiyo na kudhani kuwa hivyo ndivyo Mungu alivyoiumba. Sivyo. Bila ya mkono wa mwanadamu mahali hapo pangekuwa msitu. Wakulima wa kale walikata miti, wakachunga kondoo, na kwa karne nyingi wakafuata kilimo cha aina ya pekee. Mkulima alikwenda nyikani na jembe pana, akakata mapande ya udongo wa juu pamoja na mizizi na vichaka vyake, akayatandika katika zizi la kondoo. Kondoo walilala juu yake usiku, wakayachanganya na kinyesi na mkojo wao. Kisha mchanganyiko huo ulipelekwa kwenye mashamba ya nafaka karibu na kijiji. Kilimo hicho kilirudiwa mwaka baada ya mwaka hata mashamba yenyewe yakainuka. Hadi leo, ukichimba shimo katika shamba la zamani, utakuta udongo mweusi wenye kina cha nusu mita hadi mita nzima ambao wote uliletwa kwa mikono na mikokoteni.

Bila shaka msomaji amekwisha kuona kasoro ya mpango huo. Kila toroli la rutuba lililoingia shambani lilitoka nyikani, na nyika haikurudishiwa chochote. Ilizidi kuwa fukara. Pale ambapo kondoo walikuwa wengi kupita kiasi au mapande yalikatwa mara kwa mara, hata heide ilishindwa kuota, mchanga ukawa wazi, na upepo ukaanza kuuhamisha. Mashamba na njia vilifunikwa. Jangwa dogo liitwalo Kootwijkerzand, kaskazini mwa Ede, ni ushahidi uliobaki: lina ukubwa wa hekta zipatazo 700 na huhesabiwa kuwa eneo kubwa zaidi la mchanga unaohama katika Ulaya Magharibi. Leo watu huenda huko kutembea pekupeku. Babu zao walikuwa wakilikimbia.

Mwisho wa karne ya 19 ulileta mageuzi makubwa. Mbolea ya kiwandani iliwafikia wakulima, sufu ya bei nafuu ikaanza kuwasili kutoka Australia, na kondoo wa nyikani hawakuwa na faida tena. Serikali iliunda idara ya misitu mwaka 1899, na mojawapo ya kazi zake ilikuwa kupanda misonobari juu ya mchanga ili kuutuliza. Sehemu nyingine zililimwa. Katika nchi iliyokuwa na mamia ya maelfu ya hekta za nyika mwanzoni mwa karne hiyo, leo zimesalia takriban hekta 40,000 tu, tena kwa vipande vipande.

Ndiyo maana kondoo wa Ede bado wapo. Kundi la kondoo wa asili ya Veluwe, wenye pua iliyopinda na mikia mirefu, hutoka zizini na mchungaji na mbwa wake kuzunguka nyikani. Kazi yao si sufu wala nyama, bali ni kula miche ya misonobari na mibetula inayotaka kurudisha msitu. Mchungaji hulipwa kwa kazi ya kutunza mandhari, jambo ambalo mfugaji wa Kajiado angeliona kama kichekesho kama si njozi. Mwishoni mwa Agosti mji hufanya sherehe za Wiki ya Heide, na msichana huteuliwa kuwa malkia wa nyika kwa mwaka huo.

Makaburi, mashamba na vinu

Anayetembea polepole ataona vichuguu vya mviringo, vilivyofunikwa nyasi au heide, ambavyo kwa haraka vingedhaniwa kuwa vya mchwa. Hayo ni makaburi. Mengine yana umri wa zaidi ya miaka 4,000, na yamo kwa wingi katika misitu na nyika za Ede na kote katika Veluwe. Huko Wekerom yapo pia mabaki ya mashamba ya Enzi ya Chuma: vipande vya miraba vilivyotengwa kwa kingo za chini za udongo, ambavyo kutoka angani hufanana na sega la nyuki. Karibu nayo pamejengwa upya nyumba ya mkulima wa enzi hizo, yenye paa refu la makuti ya matete linalokaribia kugusa ardhi. Watu na ng'ombe waliishi chini ya paa moja. Kwa mtazamo wetu, ni mahali panapofaa zaidi kuwapeleka watoto kuliko makumbusho mengi yenye vioo.

Nje kidogo ya mji upande wa kaskazini-magharibi kuna kinu cha upepo kiitwacho Doesburgermolen. Ni cha mbao, na jengo lote hukaa juu ya nguzo moja nene ili mwendeshaji aweze kulizungusha lielekee upepo unakotoka. Kimekuwapo tangu karne ya 16, na hutajwa miongoni mwa vinu vikongwe kabisa vya Uholanzi.

Mji wenyewe hauna majengo mengi ya kale, na sababu yake ni rahisi: kwa muda mrefu Ede kilikuwa kijiji. Reli ya kutoka Utrecht kwenda Arnhem ilipita hapo tangu mwaka 1845, lakini mambo mawili ndiyo yaliyoukuza. La kwanza ni jeshi, lililovutiwa na ardhi isiyofaa kwa kilimo na ambayo kwa hivyo ingeweza kufaa kwa mazoezi ya mizinga. Kambi za kwanza zilijengwa mwanzoni mwa karne ya 20. La pili ni kiwanda cha ENKA kilichofunguliwa mwaka 1922 kutengeneza hariri bandia. Kiwanda hicho kiliajiri maelfu ya watu, na baada ya Vita vya Pili vya Dunia kikaleta vibarua kutoka Uhispania na Uturuki. Kilifungwa mwaka 2002. Leo wanajeshi wamekwisha kuondoka na ENKA imegeuzwa mtaa wa makazi, ingawa baadhi ya majengo yake na yale ya kambi yamehifadhiwa. Wajukuu wa vibarua wale wangali Ede.

Jambo moja aghalabu husahauliwa. Wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia, Uholanzi haikupigana, lakini Wabelgiji wengi sana walivuka mpaka kukimbia majeshi ya Ujerumani. Kambi kubwa ya wakimbizi hao ilijengwa kwenye nyika ya Ede, yenye mabanda, shule na hospitali. Vita vilipomalizika wakimbizi walirejea makwao na mabanda yakabomolewa. Heide imefunika mahali pake.

Siku miavuli ilipofunika anga

Septemba 1944 ndiyo iliyoifanya nyika ya Ginkel ijulikane duniani. Majeshi ya Uingereza, Marekani na washirika wao yalikuwa yamekwisha kuikomboa sehemu kubwa ya Ufaransa na Ubelgiji, na makamanda wakabuni mpango wa kuteka kwa ghafla madaraja ya mito mikubwa ya Uholanzi ili kuingia Ujerumani kabla ya majira ya baridi. Wanajeshi wa miavuli wangeshushwa nyuma ya adui na kuyashikilia madaraja hayo hadi vifaru vitakapowasili kutoka kusini. Daraja la mwisho lilikuwa Arnhem, mashariki mwa Ede.

Kikosi cha kwanza kilishuka tarehe 17 Septemba karibu na Wolfheze na Renkum. Siku hiyo hiyo ndege za washirika zililipua kambi za kijeshi za Ede, na mabomu mengine yakaanguka penye nyumba za watu. Makumi ya raia waliuawa na wale wale waliokuja kuwakomboa. Kesho yake, tarehe 18, ilikuwa zamu ya Brigedi ya Nne ya wanajeshi wa miavuli ya Uingereza, chini ya Brigedia John Hackett. Walitakiwa kufika asubuhi, lakini ukungu uliofunika viwanja vya ndege Uingereza uliwachelewesha kwa saa kadhaa. Wakati huo wanajeshi wa Uskoti waliokuwa wameachwa kuilinda nyika ya Ginkel walikuwa wakipigana na kikosi kilichotumikia Ujerumani, na ambacho askari wake wengi walikuwa Waholanzi. Saa nane mchana hivi ndege zilitokea. Takriban wanaume 2,000 waliruka huku wakifyatuliwa risasi kutoka chini, na heide kavu ikiwaka moto miguuni pao.

Mpango mzima ulishindwa. Kikosi kidogo kilifika kwenye daraja la Arnhem na kulishikilia upande mmoja kwa siku kadhaa, lakini vifaru vya kutoka kusini havikuwahi. Kati ya wanaume wapatao 10,000 waliotua kaskazini mwa mto Rhine, ni kama robo tu waliofanikiwa kurudi ng'ambo usiku wa Septemba 25. Waliosalia walikuwa wamekufa, wametekwa, au wamejificha.

Hapo ndipo habari za Ede zinapokuwa tamu zaidi kuliko za vita vyenyewe. Mamia ya wanajeshi waliotoroka walifichwa majumbani, katika mabanda ya kuku na misituni na wakazi wa Ede na vijiji vyake, ambao walijua kuwa adhabu ya kumficha adui wa Ujerumani ni kifo. Hackett mwenyewe alijeruhiwa vibaya tumboni, akafanyiwa upasuaji katika hospitali iliyokuwa chini ya ulinzi wa Wajerumani, akatoroshwa na kupelekwa Ede. Huko alilelewa kwa miezi na akina dada wa familia ya de Nooij, watu wa makamo wasiokuwa na silaha yoyote isipokuwa imani yao ya dini na ukaidi wao, katika nyumba iliyo karibu kabisa na makazi ya Wajerumani. Mapema mwaka 1945 alivushwa kwa baiskeli na kisha kwa mtumbwi hadi upande wa washirika. Baadaye alipanda cheo akawa jenerali, na mwaka 1977 akachapisha kitabu cha kuwashukuru.

Mwingine aliyefichwa katika eneo hilo anatuhusu sisi moja kwa moja. Meja Digby Tatham-Warter alikuwa kamanda wa kampuni iliyotangulia kufika kwenye daraja la Arnhem, na amesifika kwa kuingia vitani akiwa na mwavuli, si ule wa kurukia bali wa kawaida wa mvua. Inasemekana alikuwa akisahau maneno ya siri, akaona kwamba mwavuli ungetosha kuwajulisha askari wenzake kuwa yeye ni Mwingereza, kwani hakuna mtu mwingine ambaye angefanya upuuzi kama huo. Alijeruhiwa, akatekwa, akatoroka hospitalini, na wapiganaji wa siri wa Kiholanzi wakampa hati za bandia zilizomtaja kuwa bubu na kiziwi. Basi bubu huyo akawa anazunguka kwa baiskeli mbele ya macho ya Wajerumani akiwatembelea wanajeshi waliofichwa na kuwakusanya. Usiku wa Oktoba 22, zaidi ya watu 130 walitoka mafichoni, wakapita kimyakimya katikati ya ngome za Wajerumani na kuvushwa mto Rhine kwa mashua. Jaribio la pili mwezi uliofuata liligunduliwa na kuvunjika.

Vita vilipomalizika, Tatham-Warter alihamia Kenya mwaka 1946 akawa mlowezi. Wakati wa vita vya Mau Mau aliunda na kuongoza kikosi cha polisi wa farasi kilichopigana na wapiganaji wa uhuru. Alifariki Nanyuki mwaka 1993. Huko Ede jina lake hutajwa pamoja na ya wakombozi. Huku kwetu mizani ina upande wa pili, na yeyote anayesimama mbele ya mnara wa Ginkel ana haki ya kuyapima yote mawili. Waholanzi wenyewe hawana jibu jepesi. Waliokombolewa mwaka 1945 walituma majeshi Indonesia mwaka huo na miaka iliyofuata kuwazuia watu wengine wasijitawale, hadi waliposalimu amri ya historia mwaka 1949.

Kila Septemba wanajeshi wa miavuli wa nchi kadhaa huruka tena juu ya nyika ya Ginkel, na maelfu ya watu hukusanyika kutazama. Wakongwe waliopigana huko wamekuwa wachache mwaka hata mwaka, na sasa wanaoshika mashada ya maua ni watoto na wajukuu.

Anayetaka kukamilisha safari hiyo ya vita aende sehemu nyingine tatu. Oosterbeek, njiani kuelekea Arnhem, kuna makumbusho katika hoteli ya zamani ya Hartenstein iliyokuwa makao makuu ya Waingereza, na makaburi ya zaidi ya wanajeshi 1,700. Wageningen, kusini mwa Ede, kuna Hotel de Wereld, ambako tarehe 5 Mei 1945 Jenerali Charles Foulkes wa Canada alikutana na Jenerali Johannes Blaskowitz kuhusu kusalimu amri kwa majeshi ya Ujerumani nchini Uholanzi; tarehe hiyo ndiyo sikukuu ya ukombozi hadi leo.

Sehemu ya tatu haipendezi. Katika kijiji cha Lunteren kuna ukuta mrefu wa matofali, umesimama ndani ya uwanja wa kupigia kambi za likizo. Ulijengwa katika miaka ya 1930 na chama cha Kinazi cha Uholanzi kwa ajili ya mikutano ya hadhara, na kiongozi wake, Anton Mussert, aliwahutubia wafuasi wake kutoka hapo. Mussert alinyongwa? La, alipigwa risasi kwa hukumu ya mahakama mwaka 1946. Ukuta ulibaki ukioza, na walipojitokeza waliotaka ubomolewe, wanahistoria walipinga: wakasema kuwa nchi inayohifadhi kumbukumbu za mashujaa peke yake hujidanganya. Mwaka 2018 serikali iliutangaza kuwa mnara wa kitaifa.

Baiskeli nyeupe na picha za Van Gogh

Mashariki ya Otterlo ndiko lilipo lango la mbuga ya De Hoge Veluwe, yenye hekta zipatazo 5,400. Ilianza kama shamba la uwindaji la mfanyabiashara Anton Kröller na mkewe Helene Kröller-Müller. Mume alipenda wanyama wa kuwinda. Mke alipenda sanaa, na alinunua picha za Vincent van Gogh wakati ambapo bei yake haikuwa ya kutisha. Msanifu majengo mashuhuri H. P. Berlage aliwajengea jumba la uwindaji la St. Hubertus, ambalo ramani yake inafuata umbo la pembe za paa dume. Kisha mdororo wa uchumi wa miaka ya 1930 ukaitikisa biashara yao. Ardhi ilikabidhiwa wakfu, picha zikapewa serikali kwa sharti kwamba jengo la makumbusho lijengwe, na jengo hilo likafunguliwa mwaka 1938. Lina karibu picha 90 za rangi na zaidi ya michoro 180 ya Van Gogh, hazina inayopitwa na ile ya Amsterdam pekee. Nje kuna bustani ya sanamu iliyofunguliwa mwaka 1961.

Ndani ya mbuga hakuna haja ya kukodi chombo. Tangu miaka ya 1970 kumekuwa na baiskeli nyeupe za bure, sasa zaidi ya 1,700, ambazo mgeni huchukua langoni na kuziacha popote penye kituo chake. Hazina kufuli. Anayeacha yake nje ya makumbusho asikasirike akitoka na kukuta imechukuliwa na mwingine, atachukua nyingine. Kiingilio cha mbuga hulipwa, na cha makumbusho ni mbali.

Nyika iliyo hatarini

Tatizo la nyika zamani lilikuwa upungufu wa rutuba. La leo ni kinyume chake. Upande wa magharibi wa Ede liko bonde lenye ufugaji mkubwa wa kuku, nguruwe na ndama. Kinyesi cha wanyama hao hutoa gesi ya amonia, ambayo hupeperushwa na upepo na kuanguka juu ya Veluwe, pamoja na moshi wa magari na viwanda. Nitrojeni hiyo ni mbolea. Nyasi huipokea kwa furaha, hurefuka na kuisonga heide, na zambarau ya Agosti hugeuka rangi ya majani makavu.

Udongo nao hugeuka kuwa wenye asidi, na chokaa kidogo iliyokuwamo huyeyuka na kupotea. Watafiti walionyesha tangu miaka ya 1990, katika misitu iliyo kati ya Ede na Arnhem, mfuatano wa mambo ambao mtu asingeutarajia: chokaa ikipungua, konokono hupungua, konokono wakipungua, ndege wadogo waliokuwa wakila magamba yao hukosa madini, na mayai yao huwa na maganda membamba, yenye matundu, au hayana maganda kabisa.

Mwezi Mei 2019 mahakama kuu ya masuala ya utawala nchini Uholanzi iliamua kwamba mpango wa serikali wa kutoa vibali huku ikiahidi kupunguza nitrojeni siku za usoni ulikuwa kinyume cha sheria za Ulaya za kulinda mazingira. Maelfu ya miradi ya ujenzi na ufugaji ilikwama. Kuanzia Oktoba mwaka huo wakulima walifunga barabara kwa matrekta, na mwezi Machi 2023 chama kipya cha wakulima kikaibuka na ushindi mkubwa katika uchaguzi wa mikoa. Serikali zimeanguka na kuundwa na mgogoro ungalipo. Ede iko katikati yake kwa maana halisi: mkono mmoja umeshika mazizi, mwingine umeshika nyika. Mkulima ambaye baba yake aliambiwa na serikali aongeze mifugo, naye sasa anaambiwa aipunguze, ana malalamiko ambayo hayapaswi kudharauliwa. Lakini konokono hawana matrekta.

Kuna na mgeni mwingine. Mbwa mwitu wa Ulaya, ambaye asichanganywe na yule mwenye madoadoa wa Laikipia, alikuwa ametoweka Uholanzi kwa zaidi ya karne moja. Mwaka 2018 jike mmoja kutoka Ujerumani aliweka makazi kaskazini mwa Veluwe, na mwaka 2019 watoto wakazaliwa. Sasa yapo makundi kadhaa. Katika mbuga ya De Hoge Veluwe wamewamaliza karibu wote kondoo mwitu wa asili ya visiwa vya Mediterania waliokuwa wameletwa huko miaka 100 iliyopita, na wachungaji wa nyikani wamelazimika kuwalaza kondoo ndani ya nyua za umeme. Wakazi wa Ulaya waliozoea kutushauri jinsi ya kuishi na simba na ndovu wameanza kuonja ugumu wenyewe. Mwaka 2025 Umoja wa Ulaya ulilegeza sheria iliyomlinda mnyama huyo.

Uhusiano na Kenya

Wakenya si wageni wa stesheni hiyo iliyotajwa mwanzoni. Chuo Kikuu cha Wageningen, kilichoanza kama shule ya kilimo mwaka 1876, kimewafunza wataalamu wengi wa kilimo kutoka Kenya, nacho katika miaka ya 1970 kilikuwa na mradi wa mafunzo ya uchunguzi wa udongo huko Kisii. Katika mji huo wa Wageningen kuna makumbusho ya udongo wa dunia, ambapo udongo wa nchi mbalimbali umekatwa wima na kuhifadhiwa kama ulivyokaa ardhini. Hapo mtu anaweza kulinganisha mchanga wa kijivu wa Veluwe, uliooshwa rutuba yote, na udongo mwekundu wa nyanda za juu za kitropiki. Ukitoka hapo utaelewa kwa nini Waholanzi walihangaika na mazizi ya kondoo kwa karne nyingi.

Kwa anayepanga safari

Mwenye pasipoti ya Kenya atahitaji viza ya Schengen. Magarimoshi ya Utrecht kwenda Arnhem husimama Ede mara kadhaa kila saa, na nauli inaweza kulipwa kwa kadi ya benki kwa kuigusisha kwenye mashine wakati wa kuingia na kutoka. Anayesahau kugusisha akitoka hutozwa zaidi. Basi huenda Otterlo, lakini baiskeli ya kukodi ni bora. Njia za baiskeli zina vibao vyenye nambari kwenye kila makutano, kwa hivyo msafiri huandika tu nambari anazozifuata kwenye kipande cha karatasi.

Kupe ni wengi nyikani na wanaweza kuambukiza ugonjwa wa Lyme, kwa hivyo suruali ndefu ni lazima na mwili ukaguliwe jioni. Sigara na moto ni mwiko wakati wa kiangazi: Aprili 2014 moto uliteketeza mamia ya hekta katika De Hoge Veluwe. Makumbusho aghalabu hufungwa Jumatatu.

Anayefuata maua aende nusu ya pili ya Agosti. Anayefuata historia aende katikati ya Septemba. Na mwezi huo huo, maua yakiwa yameanza kukauka, madume ya paa wakubwa hutoka misituni jioni kugombea majike, na ngurumo zao husikika mbali kuliko mtu anavyoweza kutarajia kutoka kwa mnyama anayekula majani. Watazamaji huegesha baiskeli kando ya njia, huzima taa na kukaa kimya.